Kutoka Kupima Maji Hadi Kuchoma Mifupa

Sisi tuliokulia Nakuru hutambuana kwa meno. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga ndani ya taya, yataota na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Ndiyo maana nilisomea kemia kule Egerton, Njoro.

Baada ya digrii nilipata kibarua katika maabara ya kupima maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kisima kikipita hapo naandika, napiga muhuri, mwenye kisima anashukuru, kisha anarudi nyumbani kunywa maji yaleyale. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Kwa hiyo kwenye shahada ya uzamili nikaangukia mkaa wa mifupa, dawa ambayo Nakuru imeitumia kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa haba, inasagwa, kisha maji yanapitishwa humo. Madini ya mfupa, hidroksiapatiti, yanaidaka floridi. Lakini moto ndio kila kitu. Ukichoma kidogo, maji yanatoka na harufu ya nyama iliyooza. Ukizidisha, mfupa unakuwa mweupe pepe, vitundu vyake vinaziba, na floridi inapita kama haijaona kitu. Pima kalsiamu na fosfati ya mkaa mweusi uliochomwa sawasawa na ya ule mweupe uliozidishwa moto: hutaona tofauti ya maana. Kemia yangu ya bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia kimiminika, haikuwa na jibu. Ikabidi nijifunze kusoma michoro ya eksirei, inayoonyesha jinsi atomi zilivyojipanga, na kupima ukubwa wa uso wa ndani ya chembe kwa gesi ya nitrojeni. Hivyo ndivyo nilivyoingia sayansi ya nyenzo, yaani elimu ya jinsi vitu vilivyojengeka ndani na vinavyofanya kazi, bila kuaga kemia. Mashine zenyewe hatuna. Sampuli zinasafiri, nasi tunasubiri, wakati mwingine hadi mtu anasahau alitaka kujua nini.

“Yaani umesoma miaka yote hiyo uje kununua mifupa?” shangazi ameniuliza leo. Na hata supu sipiki.

Kesho naanza kuosha mkaa uliochoka, yaani uliojaa floridi, kwa magadi makali ya maabara (hidroksidi ya sodiamu, si magadi ya kupikia), nione utarudisha nguvu kiasi gani. Mwenye bucha naye amepandisha bei. Anasema mambo ya utafiti lazima yana mfadhili.