Chupa tulizozivika soksi

Toka Jumamosi nawaza hili jambo, acha niliandike tu. Tulikutana kwangu, marafiki wa siku nyingi na wengine waliokuja na wenzao, tukaonja waini bila kuona chupa. Nyingi nilizinunua mimi ila sikuzipanga mimi, nilimuachia wifi yangu kazi yote akajifungia jikoni, akatoa zile karatasi za shingoni, akazivika chupa soksi ndefu za shule, akafunga na rababendi na kubandika namba. Kwahiyo hata mi mwenye nyumba nilikaa mezani sijui namba tatu ni ipi, na hiyo ndo raha yake, maana ukishajua tu umekwisha, ulimi unaanza kufuata macho.

Zilikuwa chupa sita. Nyeupe mbili, zote za zabibu ya Chenin Blanc, moja ya Dodoma nyingine ya Afrika Kusini. Nyekundu nne: ya Dodoma ya zabibu ya Makutupora, ya Afrika Kusini ya zabibu ya Pinotage, moja ya Ufaransa kutoka Bordeaux ambayo rafiki yetu aliletewa zawadi na aliitunza kabatini muda mrefu, na ya mwisho waini ya boksi ya sokoni ambayo wifi aliimimina kwenye chupa tupu ili ifanane na wenzake.

Niseme kabisa kwamba nilikuwa na sababu. Baba yangu mdogo analima zabibu Hombolo, kulekule Dodoma. Nimekua naziona zile zabibu nyeusi zimening'inia kwenye waya, nimeziona pia zikianguka chini na kuoza kwa sababu mnunuzi hajaja, na kila nikikaa na watu hapa Dar nikataja waini ya Dodoma nasikia maneno yaleyale, aah ile inaumiza kichwa, ile ni tamu kama soda, ile ya wazee. Wengi wakisikia Dodoma wanawaza dompo tu, na dompo ni kinywaji chake, kitamu na kikali, ina watu wake na siidharau, ila si ndo waini yote inayotoka kule. Nikawa najiuliza hawa watu wanaongelea kilichomo kwenye glasi au wanaongelea jina?

Na si sisi tu. Mwaka 1976 pale Paris, Mwingereza mmoja muuza waini, Steven Spurrier, aliwakalisha majaji wa Kifaransa waliobobea akawapa waini za kwao na za California bila kuwaonesha chupa. Wakatoa alama kwa 20. Nyekundu iliyoongoza ikawa Stag's Leap ya mwaka 1973, nyeupe ikawa Chateau Montelena ya 1973, zote za Marekani, na jaji mmoja akataka arudishiwe karatasi yake ya alama. Halafu mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux waliichukua waini nyeupe wakaitia rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawapa wanafunzi 54 wa fani hiyohiyo ya waini, na wanafunzi wakaielezea kwa maneno ya waini nyekundu. Wanafunzi wa waini jamani, tena Bordeaux! Sisemi hawakujua kazi, nasema macho yana nguvu kuliko tunavyokubali.

Maandalizi ndo yalinichosha na ndo yana maana. Niliwaomba watu wasijipulizie pafyumu siku hiyo, udi hatukuchoma, na dawa ya mbu ya kuchoma niliitoa nje mapema maana ule moshi ukikaa sebuleni kila glasi itanukia dawa ya mbu. Pilau na kachumbari vilisubiri, mezani kulikuwa na mkate mkavu na maji basi. Jambo lingine ni joto. Watu wanasema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sasa chumba cha Dar mwezi huu ni nyuzi 30 na zaidi, hicho chumba wanachokisema ni cha ulaya huko nyuzi 16 mpaka 18. Ukiimimina ikiwa na joto la huku unachonusa ni spiriti tu, inakuchoma pua na tunda husikii. Nyekundu zote zilikaa kwenye friji kama nusu saa na kitu kabla hatujaanza, nyeupe zilikaa zaidi, na mi naamini waini nyingi zinazotukanwa hapa mjini kosa lake ni hilo, zimekaa dukani karibu na dirisha zimepigwa jua halafu zikaletwa mezani za moto.

Sharti lilikuwa moja, hamna kuongea mpaka kila mtu ameandika. Maana anayeongea wa kwanza, hasa akiwa na sauti na gari zuri, wote tunamfuata. Na hapo ndo nilipofurahi kuliko sehemu zote, kuna dada mmoja kati yetu anapika keki za oda, kila tukikutana anasema mi sijui waini nipeni juisi. Karatasi yake ndo ilikuwa imejaa. Namba mbili aliandika pera bichi na ndimu. Namba tano ameandika jamu iliyopitiliza jikoni, sukari iliyoanza kuungua, alama 8. Ilikuwa ile ya boksi. Mwingine aliandika zambarau na moshi wa kuni, mwingine ukwaju, mwingine bibo kwa sababu ya ule ukakasi unaokukausha fizi. Tulipoanza kusomeana zile karatasi hakuna aliyeongelea cheri wala matunda ya baridi ambayo hatujawahi kuyaona yakiwa mtini, kila mtu kaongea matunda aliyochuma akiwa mtoto, na tulielewana vizuri kuliko siku zote tulizojaribu kuongea lugha ya kwenye lebo.

Soksi zikavuliwa. Nyeupe ya Afrika Kusini ilishinda nyeupe ya Dodoma kwa alama chache sana, yani kidogo mno, na kaka yetu wa benki, ambaye ndo bingwa wa kusema ya Dodoma inaumiza kichwa, alikuwa ameipa ya Dodoma 16, alama yake kubwa kuliko zote za usiku ule. Hatukumcheka na nashukuru hatukumcheka. Alikaa kimya akaigeuzageuza ile chupa kisha akasema neno la kweli, kwamba nyumbani kwake huwa anainunua mara mojamoja ila wageni wakija anaiweka chini ya sinki. Watu wawili wengine wakasema hata sisi. Mimi iliniuma, nikamfikiria baba mdogo na mkasi wake asubuhi na mapema shambani.

Lakini nisidanganye kwamba Dodoma ilifagia meza. Ile nyekundu ya Makutupora iligawa watu kabisa, wapo walioipenda kwa ule ukali wake na harufu ya zambarau, na wapo walioandika chachu, fupi, inaisha haraka mdomoni. Ni kweli, hata mi niliandika chachu kabla sijajua ni ipi, na nikiisoma karatasi yangu sasa hivi sibadilishi. Pinotage ndo iliongoza nyekundu.

Ya Bordeaux, ya bei kuliko zote, ilikuwa ya pili kutoka mwisho! Mwenye zawadi yake alinyong'onyea. Ila wifi akaleta mbuzi wa kuchoma, tukaimalizia ile chupa na nyama, na jamani ikawa kitu kingine, ule ukakasi unaokausha fizi, wenyewe wanauita tanini, ukashikana na nyama na mafuta, ukalainika, tunda likatokea. Wale walioipa 9 wakataka kubadilisha alama. Nikakataa, ila nimeanza kuona kwamba kuonja kwa kuficha nako kunaonea, waini iliyotengenezwa kukaa na chakula unaiweka peke yake na kipande cha mkate halafu unaihukumu kwa funda mbili. Hili bado nalitafakari. Kuficha chupa kunaondoa uongo wa jina na bei, na bei inadanganya kweli, kuna watafiti wa Marekani mwaka 2008 walionesha kwamba waini ileile mtu akiambiwa ni ya dola 90 badala ya dola 10 hata ubongo wake unaonesha raha zaidi kwenye mashine. Ila ukishaondoa jina, bei na chakula, umebaki na nini? Kimiminika na pua yako, na waini haijawahi kunywewa hivyo na mtu yeyote mwenye furaha.

Jumapili nikampigia baba mdogo. Nilitaka kumpa habari njema ya ile nyeupe, akaisikiliza akasema sawa mwanangu asante, kisha moja kwa moja akauliza, na nyekundu walisemaje? Nikamwambia baadhi walisema chachu. Hakukasirika hata kidogo, akauliza ni ya msimu gani. Maana Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima akikata matawi tu unachipua, kwahiyo wanavuna mara mbili kwa mwaka, na akanieleza kwamba mvuno unaoangukia mvua na ule wa kiangazi ni vitu viwili tofauti, mvua ikinyesha zabibu zimekaribia kuiva zinanyonya maji na sukari inashuka, na mnunuzi akija mapema mkulima anachuma hata kama angependa kungoja wiki moja zaidi kwa sababu akingoja anaweza asimuone tena. Ule uchachu niliouandika kwa peni pale mezani una historia hiyo yote.

Nikaenda kuangalia chupa, haina msimu. Hivyo nilishindwa kumjibu, na yeye ndo mtu pekee kati yetu wote ambaye jibu lingemsaidia. Natamani sana watengenezaji waanze kuandika, mvuno wa kwanza au wa pili, basi, ili mtu akisema hii kali na ile tamu zaidi mkulima ajue anaambiwa nini.

Mkutano ujao tutafanya kwa yule dada wa keki, amekubali mwenyewe. Tutaficha chupa tena ila safari hii nyama itakuwa mezani tangu mwanzo, na nimewaomba kila mtu alete Makutupora ya mtengenezaji tofauti, nyekundu tupu, tuzipange sambamba. Kaka wa benki ameshanunua yake na ametutumia picha kwenye grupu, nikamwambia ungeificha bwana, sasa tumeshaiona.