Gia ya pili inaingia kivivu: presha ya giabox na sensa chafu

Pikapu ya Chevrolet, V8 ya lita 5.3 na giabox ya otomatiki ya 4L60-E, ilikuwa ikiteleza kuingia gia ya pili ikipanda Daraja la Nyali. Usikimbilie kuongeza presha! Nilirekodi data kwanza: gari limesimama, injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini ilisoma gramu 3 kwa sekunde, V8 hii yataka kama 5 au 6. Kompyuta ikidhani injini ina nguvu kidogo, hupunguza presha ya mafuta ya giabox, na mkanda unaobana ili gia ya pili ishike huteleza na kuungua.

Nilisafisha sensa kwa dawa yake maalumu (ya kabureta huiharibu), ikakauka, nikarekodi tena mafuta ya giabox yakiwa nyuzi 80. Kisha, kwenye mipangilio ya kompyuta ya gari, niliongeza presha asilimia 5 tu, kwenye mwendo wa kati. Ukizidisha, gia hugonga na ganda la gia-jua (gia ya katikati ndani ya giabox) hupasuka.