Kuvuka kwenda Brough of Birsay maji yakipwa

Tulifika Birsay, kaskazini-magharibi mwa kisiwa kikuu cha Orkney huko Uskoti, maji yakiwa bado yanatoka. Kwenda Brough, kisiwa kisicho na mkazi hata mmoja, hupandi mashua. Kuna njia ya zege ya mita 240 hivi, na mtu huvuka ndani ya saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa au saa mbili baada yake. Siku ile yalikuwa yapwe saa sita mchana. Tukakanyaga zege saa nne na robo. Anayengoja yapwe kabisa ndipo avuke ameshapoteza nusu ya muda wake.

Jedwali la maji liwe la Birsay, si la Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, maana saa hazilingani. Tena angalia kama limehesabu ile saa moja inayoongezwa kiangazi. Wakati wa maji mafu, yanapopwa kidogo, njia haikai wazi kama siku za bamvua, yanapopwa sana, na upepo wa magharibi ukisukuma mawimbi ya Atlantiki, hufunikwa mapema kuliko jedwali linavyosema. Kingo zake zina mwani unaoteleza vibaya, pita katikati.

Magofu yako karibu tu na mahali pa kupandia, kwa hiyo tulianzia hapo. Kanisa ni la karne ya 12, dogo, na kuta zake za mawe bapa zimebaki fupi. Ingia upande wa magharibi, uone viti vya mawe vilivyoambaa kuta, kisha mahali pa madhabahu na ukuta wa mashariki uliopinda nusu duara. Kaskazini yake kuna vyumba vilivyozunguka ua. Usiondoke kabla ya kulitazama jiwe la Wapikti, waliokaa hapa kabla ya Waviking: mashujaa watatu wenye ngao na mikuki, wa mbele akiwa amepambwa kuliko wenzake. Hilo ni nakala. La asili liko makumbusho ya Edinburgh.

Mnara wa taa wa 1925 uko juu, upande wa magharibi, penye majabali. Nyasi za ukingoni hudanganya, kaa mbali.

Saa saba na nusu tulikuwa tumesharudi ng'ambo. Aliyechelewa asijitose majini hata yakiwa ya magotini, maana mkondo huangusha mtu. Abaki kisiwani kwa muda wa saa nane hivi mpaka yapwe tena. Akiwa hatarini apige 999 na kuwaomba walinzi wa pwani.