Wewe Mpemba, utaelewana nao

Machi 2008, kisiwani Mwali, Komoro, afande wangu alinitazama, akarudi kwenye orodha yake, kisha akasema, "Wewe si Mpemba? Basi utakaa na Wakomoro. Mtaelewana." Hivyo ndivyo nilivyogeuka kiungo wa mawasiliano kati ya kombania yetu na askari wa jeshi la Komoro. Sikubisha, kwa sababu nami niliamini hivyo hivyo. Nimekulia Wete, na Kikomoro nilikijua kuwa ni ndugu wa damu wa Kiswahili.

Haikupita saa moja, kijana wa miaka ishirini hivi akapokea chupa ya maji mkononi mwangu, akanitazama usoni, akaniambia, "Marahaba." Nilimkodolea macho. Shikamoo nimempa saa ngapi? Tena mtoto wa kumzaa! Kumbe kwao marahaba ni asante.

Kwa asiyekumbuka: kisiwa cha Anjouan, ambacho wenyewe wanakiita Ndzuwani, kilikuwa mikononi mwa Kanali Mohamed Bacar. Alijitangazia ushindi katika uchaguzi wa Juni 2007 ambao Umoja wa Afrika haukuutambua, na hakutaka kuondoka. Rais Kikwete ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja mwaka ule. Tukapelekwa sisi Watanzania na Wasudani, Libya ikasaidia usafiri, na wenye nchi yao wakatoa mamia kadhaa ya askari. Kwetu hiyo ni idadi ndogo. Kwa visiwa vile, ni sehemu kubwa ya jeshi.

Hapo ndipo wengi wetu tulipoteleza, mimi nikiwa mbele. Ukiwa na watu wengi na vifaa vingi ni rahisi kumwona mwenzako mdogo kama mtu wa kukuonyesha njia tu, halafu akae pembeni.

Walikuwa na sajenti mmoja mwenye mvi ambaye kila mtu alimwita Fundi. Redio moja ilipogoma kupokea nikafurahi, nikambebea pamoja na bisibisi. "Fundi, hebu iangalie hii." Akaigeuza. Akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza maji ya nazi. Kisha akanirudishia kwa adabu na kusema, kwa Kiswahili alichojifunza kwa shangazi yake wa Unguja, kwamba anachoweza yeye ni kuisomea Yasini. Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Kwa Wakomoro fundi ni mwalimu, na huyu kijijini kwao alisomesha watoto Kurani. Nilikuwa nimemkabidhi ustadhi bisibisi.

Yale yalichekesha. Suala la saa halikuchekesha hata kidogo. Jioni moja nilimwagiza koplo wao kwa mdomo kwamba betri zote zikusanywe kesho saa kumi na moja. Alfajiri nikasimama peke yangu na mbu. Saa tano ya mchana wakaja kwa mstari, betri zimepangwa vizuri, wameridhika kwamba wamewahi. Koplo alisoma kwa Kifaransa: kumi na moja kwake ni kumi na moja ya kwenye saa ya mkono. Jeshini tunaandika 0500, lakini mdomoni Mswahili hubaki Mswahili. Kosa lilikuwa langu, na nilimshukuru Mungu lilikuwa la betri, si la kupanda boti.

Usiku ule nilimfuata Fundi. Tukakaa na daftari chini ya taa ya betri, tukachora safu tatu: neno letu, neno lao, neno la Kifaransa. Hatukutaka kamusi. Tulichagua maneno kama thelathini tu, yale ambayo mtu akiyakosea anaweza kufa: simama, usipige, nyuma yangu, ni wetu, majeruhi, kesho, ambayo kwao ni meso. Saa tukakubaliana isemwe tarakimu moja moja. Na kila agizo, anayelipokea alirudie kwa lugha yake, Fundi akiwa anasikiliza. Vyeo navyo vilihitaji mstari wao. Adjudant wao si ajutanti wetu, ofisa anayeshughulikia mambo ya kikosi. Ni askari mkongwe aliyepanda kutoka chini, na ukimpita ukaenda kwa luteni kijana, umemvunjia heshima mbele ya watu wake.

Tulishuka Anjouan alfajiri ya tarehe 25. Mapigano hayakuwa marefu, na ya bandarini na uwanja wa ndege wa Ouani wameshayasimulia wengine. Siku iliyofuata Bacar alikuwa keshavuka kwa boti kwenda Mayotte, kwa Wafaransa.

Ninachokikumbuka mimi ni kichochoro kimoja cha mji wa kale wa Mutsamudu, chembamba kiasi kwamba mabega yalikuwa yakigusa kuta mbili. Tuliambiwa kuna askari wa Bacar amejificha ndani ya nyumba. Vijana wetu walikuwa tayari kuvunja mlango. Fundi akaniomba dakika tano, nami nikamwombea kwa afande. Akaegemeza bunduki ukutani, akabisha hodi, akasema, "Kwezi." Ndani sauti ya bibi ikajibu, "Mbona." Ndiyo salamu yao ya heshima na majibu yake. Bibi akatokea amejifunga shiromani, wakazungumza polepole, nikiambulia neno moja katika manne. Yule askari alikuwa mjukuu wake. Hakuogopa kukamatwa, aliogopa kukamatwa na wageni.

Akatoka peku, bunduki imelazwa juu ya mkeka ulioshikwa na bibi. Nilikuwa nimeshatoa kamba. Fundi akatikisa kichwa, akamshika yule kijana mkono kama anampeleka chuoni, wakatembea hivyo mpaka barabarani. Kwa taratibu zetu lilikuwa kosa. Nilirudisha kamba mfukoni.

Siku ya kuondoka Fundi alikuja bandarini kutuaga, na upepo wa mlimani ulileta harufu ya mlangilangi. Nilimpa daftari. Nikapanda, nikageuka, nikamwambia, "Kwezi, Fundi."

"Mbona," akajibu, mkono kifuani.

Kijana wetu mmoja wa Shinyanga, aliyekuwa nyuma yangu na begi kichwani, akauliza, "Afande, mbona nini?"