Nilivyoomba mashine ya kushtua moyo kwenye kikao cha Gaza

Mwanamume mmoja wa mtaa wetu, hapa Ireland ya Kaskazini, alianguka uwanjani jioni, mazoezi ya vijana yakikaribia kwisha. Mashine ya kushtua moyo ilikuwepo, hatua chache tu kutoka pale, ndani ya ukumbi wa jamii. Ukumbi ulikuwa umefungwa tangu saa kumi na moja. Tulimkandamiza kifua mpaka ambulensi ikafika, lakini hakuamka. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila mshtuko wa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa takribani asilimia kumi.

Kwa hiyo nilichotaka hakikuwa mashine mpya. Nilitaka ile iliyokuwepo itolewe nje, iwekwe ukutani kwenye kasha lenye kipasha joto, kwa sababu baridi ya hapa huharibu betri na pedi, yaani vile vibandiko vinavyowekwa kifuani. Ukuta ni wa baraza la madiwani, na umeme pia ni wa baraza. Pesa za kasha tulichanga wenyewe. Wakongo wenzangu hawakuhitaji kubembelezwa: wote wanamkumbuka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012, moyo wake ukasimama kwa dakika 78, na hadi leo yu hai.

Kasheshe ilikuwa ratiba. Kikao nilichopangiwa kuzungumza ndicho kilichokuwa na hoja ya kutaka vita visitishwe Gaza. Anayeishi hapa anajua maana yake. Mitaa ya wazalendo wa Ireland, wanaotaka tuungane na Ireland, inapeperusha bendera za Palestina, mitaa ya wafuasi wa Uingereza, wanaotaka tubaki chini ya London, ina za Israel, na mjadala wa Gaza ukianza barazani, ugomvi wa zamani wa hapa hapa unaingia nao mlangoni.

Diwani mmoja alinipigia kabla ya kikao. Alikuwa mpole, na nadhani alitaka kunisaidia kweli. Aliniomba niseme mbele ya wote kwamba watu wanakufa mlangoni petu huku baraza likipoteza muda na nchi za mbali ambazo halina mamlaka nazo. Mzee mmoja wa jumuiya yetu naye aliniambia vivyo hivyo: "Binti, waambie waachane na Gaza, watazame hapa."

Ni kweli baraza la hapa halina sauti katika sera ya mambo ya nje. Linaendesha kumbi, viwanja, makaburi na uzoaji wa taka. Mambo ya nje ni ya serikali ya London. Lakini nilimjibu: "Mzee wangu, Bukavu ilipotekwa Februari 2025, si tulikesha tukitafuta mtu yeyote, hata diwani wa kijijini, atutaje?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, sema ulivyoona." Mimi ni mtoto wa Bukavu. Siwezi kumwambia mtu mwenye ndugu kwenye vita, awe wa upande wowote, kwamba kikao kina mambo muhimu zaidi ya kuzungumza.

Basi nikafanya kazi kabla ya kikao. Niliwaandikia madiwani wa pande zote mbili, barua fupi, yenye picha ya ule mlango uliofungwa. Nilimwomba mmoja wa upande wa wazalendo atoe hoja ya kasha, na mmoja wa upande wa pili aiunge mkono. Hili ndilo lililotuvusha, naamini hivyo kabisa. Kama hoja ingekuwa ya kambi moja, kambi nyingine ingetafuta kosa ndani yake. Pia nilimwomba karani atuweke mwanzoni mwa ratiba, na alikubali.

Nilipopewa nafasi, niliwaeleza habari za Frank Pantridge. Daktari huyu wa Ireland ya Kaskazini alitekwa na Wajapani Singapore ilipoanguka mwaka 1942, akakaa mateka miaka mitatu na zaidi, akaugua beriberi iliyouathiri moyo wake. Alirudi, na mwaka 1965, akiwa Belfast, yeye na wenzake wakatengeneza mashine ya kwanza ya kushtua moyo inayobebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 na ilitumia betri za gari. Sanamu yake iko Lisburn, nje ya jengo la baraza. Nikawaambia kwamba mtu aliyenusurika vita vya mbali ndiye aliyetupa kitu tunachokiomba leo, nami sioni kwa nini chumba hiki kichague kimoja kati ya haya mawili.

Hoja ya kasha ilipita bila kura ya kupinga. Ya Gaza ilijadiliwa kwa ukali hadi usiku, nami nilibaki kuisikiliza, kwa sababu waliokuwa wakizungumza walikuwa wametusikiliza sisi.

Ukitaka kufanya haya kwenu, mashine ikishafungwa ukutani isajili kwenye The Circuit, mtandao wa kitaifa wa mashine hizi Uingereza. Isiposajiliwa, anayepokea simu ya 999 hataweza kukuelekeza ilipo wala kukupa namba ya kufungulia kasha. Na mteue mtu wa kuangalia taa ya betri na tarehe ya pedi. Kwetu, yule mzee ndiye aliyejitolea.