Ruzuku ya Serikali Inapokatika

Shirika lisilo la kiserikali linapopokea barua ya kusitishiwa ruzuku, kishawishi cha kwanza ni kutuma maombi mapya kwa kila mfadhili anayejulikana. Mimi, niliyewahi kutunza hesabu za shirika dogo, ningeanza na mkataba. Humo hupatikana kifungu cha usitishaji, ambacho mara nyingi huruhusu kudai gharama zilizotumika kihalali kabla ya tarehe ya mwisho, mradi stakabadhi zipo na muda wa kudai haujapita. Kisha nikadirie fedha zitakazoingia na kutoka wiki kwa wiki, bila kugusa michango iliyotolewa kwa kazi maalumu, kwani kulipia mishahara kwa fedha hizo ni kuvunja ahadi, na pengine sheria. Wafanyakazi waambiwe mapema. Uvumi huwaondoa kwanza walio hodari.