Tulivyopata ruzuku ya kusimamia madai ya dada wa kazi

Fedha za semina si ngumu sana kuzipata. Weka kwenye andiko washiriki, ukumbi, chai na vitafunwa, nauli na fulana za mradi, mfadhili atajitokeza tu. Ngumu ni kumpata atakayelipia kile ambacho dada wa kazi anakihitaji kweli: mtu wa kupokea simu yake Jumapili jioni, wa kuandamana naye kesho yake mpaka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, na wa kubaki naye mpaka bosi atoe mshahara anaodaiwa. Kazi hiyo haina picha ya pamoja wala bango nyuma ya meza kuu.

Asasi yetu iko Dar es Salaam, na wanachama wake ni wafanyakazi wa majumbani. Maombi ya fedha nilikuwa nayaandika mimi, kwa sababu tu wenzangu waliamua kwamba naijua kompyuta.

Matangazo mengi ya ruzuku yaliyotufikia yalihusu utumikishwaji wa watoto. Ni jambo la kweli. Watoto wapo majumbani kwa watu, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Hata tarehe zimegongana: 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na ndiyo siku ambayo mwaka 2011 kule Geneva ulipitishwa Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Lakini wanachama wetu wengi ni watu wazima, wengine wana watoto wanaosoma sekondari. Kwenye kamati kukawa na wazo kwamba tuandike "wasichana" tu, umri mfadhili atajijazia mwenyewe. Nilikataa, wala si kwa utakatifu. Ukishapokea fedha za watoto, kila robo mwaka utaulizwa watoto wako wangapi, na sisi tungewatoa wapi?

Kilichotutoa ni kaunta buku. Mwenzetu mmoja, ambaye naye alifanya kazi za ndani miaka mingi kabla ya kusomea usaidizi wa kisheria, alikuwa akiandika kila dada anayepiga simu: jina, mtaa, mshahara waliokubaliana, miezi anayodai, vitu alivyozuiliwa (mara nyingi begi la nguo na kitambulisho). Safu ya mwisho aliichora kwa kalamu nyekundu: siku aliyofukuzwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Dada aliyetolewa nje hutumia wiki ya kwanza kutafuta pa kulala, ya pili kusubiri hasira za bosi zipoe, na ya tatu yuko kwao Singida au Iringa, hana hata nauli ya kurudi kudai. Siku zinakwisha bila mtu yeyote kumnyima haki yake kwa mdomo.

Nililichukua lile buku nikapiga hesabu ya dai moja tangu simu ya kwanza hadi malipo: vocha, daladala na bodaboda, malazi ya usiku ule wa kwanza, siku za msaidizi wa kisheria, na safari ya pili kwa kuwa mwajiri hakutokea ya kwanza. Kando yake nikaweka fedha zinazodaiwa. Kwa Amri ya Kima cha Chini iliyoanza kutumika Januari 2023, dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida alitakiwa kulipwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo 120,000. Maana yake, dai la miezi sita la huyo anayelala kwa bosi ni shilingi 360,000. Wakili gani wa kulipwa atalishika? Aya hiyo moja ndiyo ikawa moyo wa andiko letu, na nadhani ilifanya kazi kubwa kuliko kurasa zote za malengo na viashiria.

Andiko tulilipeleka kwa wakfu mmoja wa Marekani, yaani taasisi inayotoa ruzuku kutokana na mali zake yenyewe. Huko hatukwenda kwa kubahatisha. Mawakfu mengi hayasomi maombi ya watu wasioalikwa, hivyo tulitambulishwa na asasi rafiki waliyokuwa wakiifadhili. Jambo ambalo ningependa wenzangu walijue ni kwamba sheria ya kodi ya Marekani inayataka mawakfu binafsi kutoa takribani 5% ya mali zao kila mwaka. Kwa hiyo lazima watoe. Hofu yao ni kumpa mtu atakayewaingiza matatani na mamlaka yao ya kodi. Kwa asasi ya nje kama yetu, ama ithibitishwe kuwa inalingana na asasi za hisani za kwao, ama wakfu ubebe jukumu la kufuatilia kila senti. Sisi tuliangukia kundi la pili: fedha zao zina vitabu vyake vya hesabu, ripoti kila mwaka, na kisichotumika kwa kazi iliyokubaliwa kinarudishwa. Tulipolielewa hilo, maswali yao marefu kuhusu mhasibu wetu hayakutuudhi tena.

Afisa wao aliuliza kwenye Zoom tutakuwa tumefundisha watu wangapi ifikapo mwaka wa pili. Nikamwambia hatufundishi, tunadai. Tukakubaliana kipimo kiwe ni madai mangapi, kati ya yanayotufikia, yanawasilishwa au kumalizwa kabla siku 30 hazijapita. Safu nyekundu ikawa kiashiria cha mradi.

Mvutano ulikuwa kwenye mambo mawili. La kwanza, risiti. Bodaboda hana mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, na mama ntilie hana hata karatasi. Mwishowe walikubali fomu ya malipo yenye sahihi, ikiambatana na taarifa ya M-Pesa. La pili, walitaka "simulizi za mafanikio" zenye picha. Hapo hatukulegea. Dada akionekana ameshika hundi ya bosi wake, hakuna nyumba mtaani itakayomchukua tena. Tunatumia namba badala ya majina, na mitaa hatuitaji.

Kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu niliviweka wazi kwenye bajeti. Nikawakumbusha kwamba mwaka 2016 Ford Foundation, wakfu mkubwa wa Marekani, ilipandisha gharama za uendeshaji kwenye ruzuku zake za miradi kutoka 10% hadi 20%. Hawakutupa zote tulizoomba, lakini mhasibu alibaki.

Mkataba ukisainiwa usiuweke kabatini: kanuni za NGO za 2018 zinataka nakala iende kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Na bajeti yako iangalie dola. Mwaka 2024 ilipita shilingi 2,700, kisha kuelekea mwisho wa mwaka ikaanguka chini ya 2,500. Sisi tulipigia hesabu kiwango cha juu, fedha zikaingia kwenye cha chini, ikabidi awamu ya kwanza twende bila msaidizi wa pili.

Sasa yupo. Madai mengi yanaishia kwenye barua yetu ya kwanza, kabla ya CMA, kwa sababu waajiri wengi wakiona barua yenye mhuri wanalipa. Ombi la nyongeza tunaloliandika lina mstari wa bajeti wa mtu wa Mwanza, maana simu za kutoka huko zinazidi kuongezeka na kumsimamia mtu kwa simu peke yake hakutoshi.